Pikapu inakwaruza chini ikiwa na mzigo: niiinue inchi 4?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina pikapu ya milango minne, 4x4, mbele ina koili springi na nyuma springi za bamba. Siku za kazi naitumia kwenye lami, na mwisho wa wiki mara nyingi napakia vitu na kwenda shambani kwa barabara ya udongo iliyochimbika. Nikiwa na mzigo kuna kitu kinakwaruza chini katikati ya njia, na bampa ya nyuma hugusa nikitoka kwenye mtaro. Fundi amenishauri niiinue inchi 4 na kuvalisha tairi kubwa zaidi. Rafiki yangu anasema nitaiharibu. Niiinue au niiache?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Inchi 4 usifunge. Kwa matumizi uliyoyaeleza, gari lako linahitaji kwanza springi za nyuma zinazolingana na mzigo unaoubeba. Ukishamaliza hilo, na kama bado linagusa, unaweza kupanda milimita 40 hadi 50, yaani zile inchi 2 ambazo pikapu nyingi za muundo wa lako huzivumilia bila kelele. Fundi wako hajakosea kusema gari liinuke. Amekosea kiasi, na sidhani kama alilala chini ya gari kuangalia kinachogusa kabla hajataja namba.

Umesema kinakwaruza ukiwa na mzigo, na hapo umenirahisishia kazi sana. Chini ya pikapu kuna vitu vya namna mbili. Vipo vilivyofungwa kwenye ekseli: difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli), yubolti za springi (bolti za umbo la U zinazoishika springi kwenye ekseli), mabano ya chini ya shokapu. Na vipo vilivyobebwa na chasi: tangi la mafuta, bomba la moshi, tairi ya akiba, ndoano ya trela, bampa, ngazi za pembeni, na kwa mbele difu ya mbele pamoja na krosimemba yake, yaani chuma kinachovuka chasi na kuibeba. Springi zimekaa kati ya makundi haya mawili. Ukipakia mzigo chasi inashuka, lakini ekseli haina pa kwenda. Difu ya nyuma inabaki umbali uleule kutoka ardhini, ukiacha ule upungufu mdogo wa tairi kubonyea. Basi kinachogusa gari likiwa na mzigo na kisichogusa likiwa tupu si difu ya nyuma. Ni kitu cha kwenye chasi, na kimeshuka kwa sababu springi zimeshindwa kukishikilia pale juu.

Nalisisitiza hili kwa sababu pesa nyingi za kuinua magari hupotelea hapa. Mtu anagonga difu kwenye jiwe, anafunga springi ndefu, gari linapanda na kupendeza, wiki ya pili anagonga jiwe lilelile kwa difu ileile. Kuinua sasipensheni hakuinui difu ya nyuma hata kwa milimita 1. Ekseli nzima ya nyuma hupandishwa na tairi peke yake, na tairi nayo hukupa nusu tu ya kilichoongezeka kwenye kipenyo. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukivalisha 265/70R17 unafika 803, na difu inapanda milimita 13. Hata ukienda 285/70R17, ambayo ni milimita 831, umepata milimita 27 tu chini ya difu, na hiyo ni tairi ambayo kwenye pikapu nyingi za kawaida itaanza kusugua plastiki za madigadi ukikata usukani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta kinachogusa. Osha gari chini, pulizia rangi nyepesi ya kopo au pakaza chokaa kwenye sehemu zote zilizoshuka, pakia mzigo wako wa kawaida, kisha pita taratibu njia yako ya shambani. Ukirudi, ingia uvunguni na tochi. Palipofutika ndipo panapogusa. Sitashangaa ukikuta ni ndoano ya trela au ile ngazi ya pembeni iliyofungwa kwa urembo. Vitu hivyo hufunguliwa kwa spana, na gari linapata nafasi ambayo hakuna springi ingeipata kwa bei hiyo. Tairi ya akiba iliyoning'inia nyuma nayo ni mkosaji wa mara kwa mara unapotoka mtaroni.

Kisha pima. Gari likiwa tupu, mahali tambarare, chukua futi kamba na upime kutoka kitovu cha gurudumu wima hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini, maana upepo na uchakavu wa tairi utakudanganya. Andika. Pakia mzigo wako, pima tena. Halafu tazama bamba za nyuma kwa jicho: gari likiwa tupu zinapaswa kuwa na upinde. Zikiwa zimenyooka kabla hujaweka hata gunia moja, springi zimechoka, na kinachoitwa kuinua gari kwako kitakuwa kulirudisha pale lilipotoka kiwandani. Linganisha pia kushoto na kulia. Tofauti kubwa inaweza kumaanisha kuna bamba lililovunjika, hivyo yaangalie yote, hata lile la chini kabisa ambalo watu hawaliangalii.

Ukipata nafasi ya kupita kwenye mizani ukiwa na mzigo, pima ekseli ya nyuma peke yake na ulinganishe na uwezo ulioandikwa kwenye kibati cha gari, ambacho kwa kawaida kipo kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Nalisema hili kwa sababu kuna imani imeenea kwamba springi nzito huongeza uwezo wa gari kubeba. Haziongezi. Zinachofanya ni kulizuia lisiiname, na hapo ndipo hatari inapoanzia: gari lililopitiliza uzito halionyeshi tena kwamba limepitiliza. Breki, beringi za magurudumu, nyumba ya ekseli na chasi yenyewe hazijui kwamba umebadilisha springi. Pikapu za milango minne zina udhaifu wake hapa, kwa kuwa kebini ni ndefu na sehemu kubwa ya karoza ipo nyuma ya ekseli. Mzigo mzito ukikaa mwisho kabisa, ukaongezea trela na mabaluni ya hewa ya kusaidia springi, yanayosukuma chasi sehemu moja, chasi hupinda nyuma ya kebini. Chasi iliyopinda ni gharama ya namna nyingine kabisa.

Sasa tuseme umepima, umegundua mzigo wako upo ndani ya kiwango na springi zimelala. Springi za kubadilisha huuzwa kwa kiwango cha mzigo wa kudumu: gari linalotembea tupu, linalobeba kilo mia mbili tatu muda wote, linalobeba zaidi ya hapo. Neno muhimu ni kudumu. Wewe siku tano upo tupu kwenye lami na siku moja au mbili una mzigo. Ukinunua springi za mzigo mzito kwa ajili ya hiyo siku moja, siku nyingine tano nyuma itarukaruka, gari litakaa limeinamisha pua, na kwenye barabara yenye makunyanzi gurudumu la nyuma litakuwa hewani nusu ya muda, likikosa mshiko wakati unauhitaji zaidi. Mimi ningechukua springi za kiwango cha kati, zenye bamba la chini la akiba linaloanza kufanya kazi mzigo ukishaingia. Kwa shokapu usibane pesa. Springi hubeba, shokapu hutuliza, na springi mpya ngumu juu ya shokapu za zamani ni gari linalodunda.

Kwa kazi hii peke yake, nyuma ya gari itapanda kutoka ilipo leo, pengine kwa sentimita kadhaa ukiwa na mzigo, na kwa maoni yangu hapo tatizo lako kubwa litakuwa limekwisha. Ile pembe ya kutokea mtaroni inategemea sana kimo cha bampa ya nyuma kutoka ardhini, na kimo hicho kitakuwa kimepanda. Katikati ya gari hali ni hivyohivyo: kwenye pikapu yenye takriban mita 3 kati ya ekseli na ekseli, kila milimita 50 unazoongeza chini ya tumbo hukupa kati ya digrii 3 na 4 za kuvuka kigongo. Sio nyingi, ila mara nyingi ndizo zinazotofautisha kupita na kukwama. Ongezeko hilo ni la kweli, na ndiyo sababu sisemi kuinua ni upuuzi.

Lakini kwa nini niishie milimita 50 nikatae 100? Sababu zipo mbele ya gari, na hapa naomba uvumilie maelezo kidogo.

Mbele, kila gurudumu lako limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na koili springi iliyovishwa juu ya shokapu imekaa katikati. Mikono hiyo hucheza juu na chini ndani ya nafasi iliyopimwa kiwandani: kiasi cha kupanda, kiasi cha kushuka. Ukiinua gari, hukuongeza nafasi hiyo. Umehamisha tu mahali gurudumu linapopumzika, ukala sehemu ya kushuka. Kwa milimita 50 bado kinabaki cha kutosha. Kwa 100, gurudumu linakaa karibu na mwisho wa safari yake hata gari likiwa limesimama, na kila shimo unaloingia linalisukuma hadi linagonga ukomo. Utausikia mgongano huo wa chuma kwa chuma.

Wakati huohuo sivi jointi, zile zinazozungusha magurudumu ya mbele, zinalazimika kufanya kazi zikiwa zimepinda sana. Zinapata joto, mpira wake wa kuzuia vumbi unasuguana mikunjo kwa mikunjo hadi unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na kuanzia hapo unasubiri tu mlio wa tak-tak ukikata kona. Boljointi ya juu, kile kiungo cha duara kinachounganisha mkono na gurudumu, inakaa kwenye pembe ya mwisho wake. Tairodi, zile fito za usukani zinazogeuza magurudumu, ambazo zilikuwa karibu zimelala sambamba na mikono, sasa zinaning'inia, na gurudumu likipanda kwenye tuta linajigeuza lenyewe kidogo bila wewe kugusa usukani. Juu ya yote, ule mwegamo wa nyuma wa ekseli ya usukani, unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, unapungua, na gari linaanza kutangatanga kwenye mwendo wa barabara kuu. Alaimenti ya kawaida, yaani kusawazisha pembe za magurudumu, inaweza kurekebisha haya hadi kiasi fulani. Ukizidi milimita 40 au 50 mara nyingi bolti za kurekebishia zinafika mwisho, na inabidi ununue mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Iweke mikono hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, usije ukaambiwa gari likiwa limeshafunguliwa.

Ipo namna sahihi ya kufika inchi 4 kwa gari la aina yako. Huletwa seti nzima inayoshusha krosimemba, difu ya mbele na maungio ya mikono, pamoja na vishikio virefu vya vitovu vya magurudumu, ili pembe zote zirudi zilipokuwa. Kwa baadhi ya magari kazi hiyo hudai kukata chuma cha asili cha gari, na ukishakikata hakuna kurudi nyuma. Tena, angalia kejeli iliyomo: difu ya mbele na krosimemba vinashushwa tena, kwa hiyo sehemu ya nafasi uliyoilipia inarudi chini. Fundi aliyekutajia inchi 4, muulize kama anazungumzia seti hiyo. Akikujibu kwamba ataweka spesa tu, mpe asante yake na uondoke.

Spesa ni kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya shokapu ya mbele. Siichukii moja kwa moja. Ya unene mdogo, kwa kusawazisha gari lililoinama pua, inaweza kufaa. Ila ujue hesabu yake: kwa kuwa shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini na si kwenye gurudumu, spesa ya milimita 25 inaweza kuinua gari karibu mara mbili ya unene huo. Wengi hufunga nene kwa kutojua hilo. Na kwa kuwa shokapu yenyewe haikubadilika, springi haikubadilika, gari halipandi tabia, linapanda kimo tu. Kwa nyuma, mwenzake wa spesa ni bloku inayowekwa kati ya springi na ekseli. Bloku moja fupi ya chuma, sawa, magari mengine hutoka nayo kiwandani. Bloku mbili, moja juu ya nyingine, hapana kabisa. Ukikanyaga mafuta ekseli inajinyonga juu ya mnara ule, na siku yubolti zikilegea ekseli inahama.

Nyuma kuna mambo mengine mawili ya kuangalia. Propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, hukaa kwenye pembe kali zaidi gari likipanda, na kama ni ya vipande viwili utahisi mtetemo ukianza kuondoka, dalili kwamba beringi ya katikati inahitaji kushushwa kwa vipande vya kusawazishia. La pili hulisahau hata mafundi wazuri: pikapu nyingi zina vali inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu, na vali hiyo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya chasi na ekseli. Ukiinua nyuma, vali inadhani gari ni tupu siku zote. Unapakia, unakanyaga breki, na nyuma haishiki inavyopaswa. Mkono wa vali hiyo lazima urekebishwe. Hozi za breki na nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga ukikanyaga breki) nazo ziangaliwe magurudumu yakiwa yananing'inia, zisiwe zimevutika.

Halafu kuna kupinduka, ambako watu hawapendi kukuzungumzia. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hutumia kipimo chepesi katika kukadiria hatari hiyo: upana kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, ugawanye kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Chukua gari lenye upana wa milimita 1,550 na kitovu kilicho milimita 700 juu: unapata 1.11. Liinue inchi 2, kitovu kipande kama milimita 40, unabaki na 1.05. Liinue inchi 4, kitovu kipande 85, umeshuka chini ya 1. Hapo bado hujaweka mzigo juu ya karoza. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuyumba ulirekebishwa kiwandani kwa kimo cha kiwandani. Kadiri unavyotoka mbali nacho ndivyo makisio yake yanavyopungua usahihi. Wewe unaishi kwenye lami siku tano kwa wiki, na kwenye lami ndiko unakopishana na malori kwa kasi.

Kuhusu tairi, kama rangi itakuonyesha kwamba na difu nayo inagusa, panda saizi moja tu na uchague zenye mashavu magumu. Spidomita itapungua ukweli: kwa ile 265/70R17 badala ya 265/65R17, ikisoma 100 unakwenda kama 103. Tairi nzito zaidi pia hula mafuta na kuzipa breki kazi. Kwa barabara yako ya udongo, mimi ningeanza na kitu kisicho na gharama: kupunguza upepo unapoingia kwenye matope au mchanga, na kuujaza tena kabla ya kurudi lami. Kuinua gari hakuongezi mshiko, na kama unakwama kwa kuteleza, ukiinua gari utateleza ukiwa juu zaidi.

Rafiki yako naye nimjibu: milimita 40 au 50, kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho, haziharibu gari. Zitachosha sivi jointi na boljointi mapema kuliko kimo cha kiwandani, hilo ni kweli, na kupanda ndani kutakuwa kugumu kidogo kwa wazee.

Kabla ya kufunga, soma sheria ya unakosajili gari, kwani nchi nyingi zina kikomo cha kimo kinachoruhusiwa bila ukaguzi, na iarifu bima yako kwa maandishi. Kampuni ya bima ikigundua mabadiliko baada ya ajali, imepata sababu ya kukataa kulipa.

Siku ya kazi, mwambie fundi bolti zenye bushi za mpira asizikaze gari likiwa juu ya jeki. Azishike tu, alishushe gari lisimame kwa uzito wake, ndipo azikaze. Akizikaza juu, mpira unabaki umejinyonga siku zote na utachanika mapema. Yubolti za nyuma ziwe mpya. Gari likishashuka, taa za mbele zirekebishwe ili usiwamulike wenzako usoni, na alaimenti ipigwe siku hiyohiyo. Tembea kati ya kilomita 500 na 1,000, springi zikishalala mahali pake rudi zikazwe upya zote, alaimenti ipimwe mara ya pili, kisha chukua ule futi kamba na uandike vipimo vipya pembeni ya vile vya mwanzo.